Usisimame Mlangoni

4 Machi

Mdogo wangu Bwana Nyama,

Salamu nitaziweka mwisho, maana dereva wa lori la maji amesema anaondoka akimaliza chai yake, na kikombe nakiona kinavyopungua. Naandikia juu ya meza ya kukatia, mkono mmoja una kalamu, mwingine umeshikilia turubai lisiteleze.

Kuna mgeni chumbani kwako.

Usicheke. Unajua chumba kile nimekifanya stoo tangu uhamie huko kwa wanyama wako. Nimeweka marobota ya vitambaa, kitanda chako nimekisimamisha ukutani, na pembeni kulikuwa na ndoo ya masega niliyonunua kwa mrina asali ili nipate nta ya kupaka uzi wa maturubai. Juzi juzi nikakuta ndoo imelala kifudifudi na asali imelambwa mpaka ndoo inang'aa. Chini ya ukuta wa nyuma kuna shimo. Anaingia na kutoka apendavyo, na mchana analala nyuma ya marobota. Nilimwona nilipokwenda kuchukua kitambaa cha sare. Ni mfupi, mweusi, na mgongo wake mweupe kama aliyejifunika shuka. Alinitazama, nami nikamtazama, tukaagana kwa heshima. Aliyetangulia kutoka ni mimi.

Jirani yetu, mwalimu mstaafu, anasema huyo ni nyegere na kwamba mbwa wake wawili watamaliza kazi asubuhi moja. Mbwa wenyewe unawajua, ni wakali mpaka yeye anayewalisha anawapigia hodi. Nimemwambia asubiri nimuulize mwenye fani yake. Mimi nakumbuka neno lako moja tu, kwamba mnyama afunguliwe mlango. Niambie yaliyobaki.

Mengine ni yale yale. Cherehani kubwa inavunja sindano. Shangazi anakuja kila Ijumaa, anakaa kwenye kiti cha wateja, na swali lake ni moja, unarudi lini. Mimi pia nauliza. Tangu tumzike wifi yangu tumefanya vikao viwili vya kukutafutia mwenzako. Cha kwanza ulituponyoka hata sijui ulipitia wapi, cha pili ulikaa kama jiwe, na asubuhi yake ukabeba mfuko ukaenda kuomba kituo cha mbali kuliko vyote. Barua zako sasa ni za nyati tu. Nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Rudi, hata kwa likizo.

Salamu ndizo hizi.

Dada yako,
Fundi


11 Machi

Dada, shikamoo.

Barua imefika ikinuka mafuta ya cherehani, nikajua ilikoandikiwa kabla sijaifungua. Huku simu bado haishiki. Nilipanda kilima na ile ya ofisi, nikapata mtandao wa kusikia mtu akisema "haloo" mara moja, basi.

Huyo ni nyegere kweli, mwalimu hajakosea. Kwa mbwa amekosea, naomba umsomee sehemu hii.

Watu wanadhani mnyama mkali anaamka na ukali wake. Mimi huku naona vingine. Kila mnyama ana nafasi yake ya kuondokea. Ukiwa mbali anakuangalia na kuendelea kula. Ukisogea anaondoka, tena mapema, kwa sababu hataki kupigana. Kidonda kidogo porini hakina muuguzi, kinaweza kumuua. Lakini msogelee akiwa ana ukuta nyuma, mbwa huku na huku, na watu wamejaa mbele. Kukimbia kumekwisha. Njia iliyobaki inapita katikati yako, na ataipita.

Mbwa ndio wanaoharibu zaidi. Mbwa akiwa peke yake angebweka akarudi. Akijua bwana wake yuko nyuma anapata ujasiri wa kuazima, anaziba upenyo, na makelele yake hayampi mnyama nafasi hata ya kuona pa kwenda. Mwaka jana mbwa wa wachungaji walimfukuza pongo mpaka kwenye tangi letu la maji. Pongo unamjua, yule swala mwenye haya, akisikia jani anajificha. Walimbana kwenye pembe ya tangi, na watu wakaja kutazama. Nilikuwa nawapigia kelele wawaite mbwa, wao wakanijibu kwamba kanyama kenyewe kadogo. Alimtoboa mbwa mmoja ubavu, akamtupa mtu mzima chini, akaenda zake. Hakugeuka hata kuwatazama. Waliniambia alikuwa na kichaa. Hakuwa na kichaa, alikuwa na haraka.

Angalia macho. Mnyama aliyebanwa kwanza hakutazami wewe. Anatazama pembeni mwako, anatafuta upenyo. Macho yakiacha kuzunguka na kutua kwako, ujue amemaliza kutafuta.

Kwa hiyo toa asali yote na masega, uyapeleke mbali na nyumba. Shimo usilizibe akiwa ndani. Mbwa wafungwe. Muache, akikosa chakula atahama mwenyewe. Na kama itakubidi kufungua mlango, usisimame mlangoni. Watu hufungua mlango halafu wanabaki pale pale, wanataka kumwona akitoka. Wao wanaona mlango, yeye anaona mtu.

Kuhusu kurudi, kazi ni nyingi. Mwenzangu hapa kituoni anakusalimu sana. Jioni tunacheza karata na ananishinda kwa wizi. Nakula vizuri. Hali ya hewa ni nzuri.

Mdogo wako,
Bwana Nyama asiyeonja nyama, maharage tu


15 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimenyoosha mguu juu ya kiti. Imefika siku moja baada ya kuhitajika.

Mwalimu alichoka kusubiri. Alikuja asubuhi na mbwa wake, na kabla sijavaa viatu alikuwa ameshasukumia jiwe kwenye lile shimo, mgeni akiwa ndani. Majirani wakajaa uani kama kwenye harusi. Nikawaambia jamani, ndugu yangu ana kazi hii, anasema mnyama afunguliwe mlango. Wakaniona nina akili. Nikaufungua wazi kabisa, mpaka ukagonga ukuta. Halafu nikasimama hapo hapo na ufagio, nihakikishe anatoka.

Yaliyobaki unaweza kuyasimulia wewe kuliko mimi. Mbwa waliingia kupitia ubavuni mwangu. Mmoja ametoka bila kipande cha sikio na tangu siku hiyo akisikia sauti ya cherehani analia. Mimi nimeng'atwa mguu, juu ya kifundo. Niliyaona yale macho uliyoyasema, nikayaona yametua, nikawa sijui maana yake. Sasa najua. Alinipita akaenda kwenye korongo na hajarudi.

Usihofu. Nimeshonwa vizuri, mshono ni wa mkono lakini umenyooka. Nachomwa sindano za kichaa cha mbwa, na muuguzi anacheka kwamba nimewachoma watu miaka yote na leo zamu yangu. Ni mjane, mpole, ana mikono miepesi. Na hapa ndipo penye habari njema.

Shangazi alinisindikiza zahanati, akamwona. Hakusema neno mpaka tulipofika barabarani, ndipo akasema, "Huyu." Nami nikaafiki. Kwa vile wewe huna nafasi ya kuja, tumeamua sisi tuje. Shangazi, baba mdogo, muuguzi na mimi, kwa lori la maji, mwisho wa mwezi. Tutapika huko huko. Tutakaa mpaka mzoeane, hakuna haraka. Safari hii huna kazi ya kukimbilia, maana kazi yenyewe tutaikuta hapo.

Nimeanza kukushonea shati. Niambie kama shingo imepungua.

Dada yako,
Fundi wa mguu mmoja


21 Machi

Dada,

Msije.

Naandika juu ya boneti ya lori, dereva ananisubiri.

Sikuomba mke. Sikuomba mtu achaguliwe zahanati halafu apakiwe na mapipa ya maji aletwe kwangu. Nilisema kazi ni nyingi, hamkunisikia. Nilikaa kimya, mkasema nimekubali. Nilihama, sasa mnanifuata na sufuria.

Mke wangu aliugulia chumbani mle na kufia chumbani mle, na hamkunipa hata nafasi ya kukaa humo nikamlilia. Kikao cha kwanza nilipitia dirishani, kama hukujua. Ulidhani dirisha lile lilipigiliwa misumari kwa sababu ya wezi? Muulize shangazi alilipigilia siku gani.

Mumeo alipoondoka, niliwahi kukuletea mwanaume? Aliondoka. Yule binti uliyemfundisha kushona akaondoka. Mimi nikaondoka. Umewahi kukaa chini ukajiuliza kwa nini kila anayeishi na wewe anatafuta pa kutokea?

Mkija hamtanikuta.

Mimi


3 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa safari hii hukunisalimu.

Barua yako niliifungua dukani mbele ya watu. Niliikunja, nikamaliza kumpima kiuno mama mmoja, nikaandika namba. Sketi imetoka inawatosha watu wawili, na nimeirudia bure.

Imeniuma. Imeniuma kuliko mguu. Nimekujibu kichwani kwa siku nyingi, nikipiga pasi nakujibu, nikitia uzi nakujibu, kila kitu nilichokufanyia tangu nilipokuwa nakubeba mgongoni. Ningekuandikia yote ungeona haya. Nilikuwa tayari nimechukua karatasi.

Jana muuguzi akanitoa nyuzi. Alikuwa anapiga soga tu, akaniuliza kama namchukia yule mnyama. Nikamwambia hapana, nitamchukiaje, sikumwachia pa kupita. Nilijibu harakaharaka, kama ninavyotaja siku ya kuchukua sare. Nilifika mpaka barabarani ndipo nikasikia nilichokisema. Nikakaa kwenye ukuta wa zahanati na mguu wangu, watu wakidhani unaniuma.

Nimemuuliza shangazi habari za dirisha. Kwanza alikana. Halafu akasema misumari yenyewe ilikuwa michache. Mimi niliambiwa ni wezi nikaamini, na nilikuwa napita pale kila siku bila kujiuliza mwizi gani anataka chumba chako tu na kuacha duka lenye vitambaa.

Nimeing'oa mwenyewe. Miwili ilikatika, mingine ilitoka na vipande vya mbao, lakini dirisha linafunguka. Lilikuwa limevimba kwa mvua, nikalipiga msasa. Jiwe la mwalimu nimelitoa kwenye shimo, na kitanda nimekilaza. Marobota nimeyahamishia kwangu, sasa mimi ndiye ninayelala na vitambaa. Zamani hukutaka shuka yake ifuliwe, nami nikaifua siku ile ile ya mazishi kwa sababu niliambiwa ndivyo inavyofaa. Siwezi kukurudishia harufu yake. Shuka iko kitandani.

Safari imekufa. Muuguzi kumbe aliambiwa anakwenda kutazama twiga. Shangazi amenuna, Ijumaa hii hakuja. Kwa hiyo nyumba sasa iko kimya kuliko ulivyoiacha, na cherehani ikinyamaza nasikia bomba la jirani.

Nikwambie jambo moja, kisha nikuache. Sikuwa nakutafutia mke. Nilitaka mtu humu ndani. Nilipiga hesabu kwamba ukioa utarudi, na ukirudi nitakuwa na mtu wa kumwambia kwamba sindano imevunjika. Napika sufuria ile ile ya zamani na kula upande mmoja. Hiyo ndiyo sababu yote. Ya mume wangu sijui, hakuniandikia hata mstari. Huenda yeye naye nilimsimamia mlangoni.

Sikuulizi unarudi lini. Swali hilo nimelifuta. Chumba kipo.

Dada yako


1 Mei

Mdogo wangu,

Hii ni fupi. Dereva amerudi mara tatu mikono mitupu. Anasema barua yangu uliipokea, ukaiweka mfukoni mwa shati, ukamshukuru. Sikumuuliza zaidi, ameongeza mwenyewe. Ameniambia kituoni uko peke yako, mwenzako alihamishwa kabla ya mvua kuanza, na kwamba wewe ukisikia lori unakuja mpaka barabarani kulipokea kabla halijapunguza mwendo.

Sasa nani alikuwa akinisalimu? Na huyo anayekuibia karata?

Sitaki jibu. Shangazi ameanza tena Ijumaa zake, lakini swali lake amelimeza, sasa anawasimulia wateja mguu wangu. Kila wiki nyegere anakua. Amefika ukubwa wa ndama.

Shati limekwisha. Sitalituma, linakungoja kwenye msumari. Msumari wa ukutani.

Dada yako


Ijumaa, mchana

Dada, shikamoo.

Hii naipitisha chini ya mlango wa chumbani. Ukiikanyaga utaiona.

Nimekuja na lori. Nilitaka kuingia mbele kama mtu mwenye akili zake, na hodi nilikuwa nimeiandaa tangu njiani. Nilipokaribia nikasikia sauti ya shangazi, nyegere ameshafika ukubwa wa ng'ombe, na wateja wamejaa mpaka kizingitini. Nikazunguka nyuma, nikalisukuma dirisha, likafunguka bila kelele. Mtu mzima, mtumishi wa serikali, nimeingia kwa goti na mfuko kichwani. Suruali imechanika. Utaniwia radhi, hiyo kazi yako.

Mwenzangu aliondoka siku nyingi. Zile salamu zilikuwa zangu. Niliona nikizituma peke yangu ni chache.

Yale niliyoyaandika juu ya boneti, dada, nilijua pa kukuuma kwa sababu wewe ndiye ninayekujua. Nimeyajutia kila lori lilipopita. Nilishindwa kujibu, kila nikianza naona ninajitetea. Nimefundisha watu wengi kutazama macho, na yangu sikuyaona yalipotua kwako.

Nimelala kidogo kwenye kitanda chake, chetu. Nimelia. Nilikuwa nadaiwa kilio hicho.

Sijui nitakaa mpaka lini, usiniulize. Shangazi asijue bado. Na kama kuna chai, naomba.

Mdogo wako


Ijumaa hiyo hiyo

Mdogo wangu, marahaba.

Karatasi hii ni kipande cha kukatia kola, usiitupe, naihitaji.

Nimewaambia wateja kichwa kinaniuma. Shangazi nimemsindikiza mpaka njia panda, akaniambia nimebadilika, nikasema ni mguu. Duka nimelifunga. Suruali itupe nje kwa dirisha, nitazunguka kuiokota. Shati liko kwenye kitasa, upande wa nje.

Chai nimeiweka sakafuni. Vikombe ni viwili kwa sababu nimesahau kuhesabu, usione kama nakulazimisha.

Niko kwenye cherehani mwisho kabisa wa nyumba, utaisikia ikianza sasa hivi. Ukiisikia inakwenda, ujue nimekaa. Mlango uko wazi, na mlangoni hakuna mtu.

Dada yako